Likizo ya Agosti: kitabu kipya au cha mtumba?

Nikienda ufuo wa Dunga, hapa Kisumu, kusoma kando ya ziwa, mara nyingi nabeba cha mtumba. Kile kipya cha jalada laini kinanukia wino, na mwandishi anapata haki yake. Hilo nalithamini sana. Lakini mwaka 2013 vitabu hapa Kenya viliwekewa kodi ya VAT ya asilimia 16, na gundi ya mgongoni ikipigwa na jua, kurasa huanza kuchomoka. Cha mtumba, kilichotandazwa kwenye gunia kando ya barabara hapa Kisumu, kimeshalainika, kinafunguka chenyewe mapajani. Kagua kurasa za mwisho kabla hujalipa: changu kimoja kilikosa sura nzima! Riwaya mpya ya Kiswahili, hata hivyo, inunue dukani. Kwenye gunia utaitafuta hadi jua lizame.