Mkono na Jicho la Vecna: tathmini ya sheria za vifaa vinavyomharibu mtumiaji

Dungeon Master's Guide, kitabu cha msimamizi wa mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika wa Dungeons & Dragons kilichotolewa na Wizards of the Coast mwaka 2014, kina kurasa chache kuhusu vifaa vya kale vya kichawi vinavyomharibu anayevitumia. Nazipima kurasa hizo peke yake, kwani kumpa mchezaji silaha kali ni kazi nyepesi, lakini kuifanya silaha hiyo imle polepole bila kumnyang'anya uhuru wa kuamua kunahitaji sheria iliyofikiriwa vizuri.

Kipimo kizuri ni Mkono na Jicho la Vecna, mchawi mwovu wa hadithi za mchezo huu; jozi hiyo iliingia mchezoni mwaka 1976. Anayelitaka Jicho sharti ang'oe la kwake na kulipachika hilo tunduni. Anayeutaka Mkono hukata wake wa kushoto. Tangu hapo mwelekeo wake wa maadili hugeuka kuwa mwovu, na kifaa kikiondolewa, hufa. Gharama hiyo hulipwa kwa hiari, mbele ya meza nzima, na hapo waandishi wamepatia kabisa.

Baada ya hapo vifaa hivi viwili vinatofautiana sana. Kila mara mhusika anapotoa uchawi kupitia Mkono, Mkono nao humtupia yeye uchawi wa ushawishi ukimtaka atende uovu, na dadu yake ya pande 20 pamoja na nyongeza isipofika 18, hana budi kutii. Msimamizi anaweza kusema kwamba Mkono unataka auawe mlinzi aliyewafungulia lango usiku uliopita, na kila mchezaji anajua kwamba uchawi ujao utaleta dai jingine. Sheria ni fupi, na hadithi inazaliwa humo humo.

Jicho, kinyume chake, kila linapotumika kutoa uchawi lina uwezekano wa asilimia 5 kwamba Vecna ataing'oa roho ya mhusika, ataila na kuutawala mwili, na mchezaji atakuwa amempoteza mhusika wake moja kwa moja. Ukipiga hesabu, ikifika mara ya 14 uwezekano wa kunusurika umeshuka chini ya nusu. Hatari ni kubwa lakini haina hatua: aliyelitumia mara moja na aliyelitumia mara kumi wanakabili dadu ileile, bila dalili yoyote ya kuwaonya. Sioni humo mtu anayeharibika. Naona ajali tu.

Majedwali ya kasoro, yaani orodha za madhara ambayo kifaa humletea mtumiaji, yana utajiri usiotumika vya kutosha. Moto wa kawaida kuzimika ndani ya futi 30, wanyama kumgeukia kwa uadui, maji matakatifu kuharibika ndani ya futi 10: hizi ni dalili ambazo wanakijiji wataziona kabla mhusika hajafungua kinywa. Kwa bahati mbaya zote huanza siku anapojifunga na kifaa, wakati zingeweza kuja moja moja, kila anapotii dai la uovu.

Kitabu nakipendekeza kwa msimamizi aliye tayari kurekebisha. Kwa Jicho, ningeanza na asilimia 1, niongeze moja kila linapotumika, na nimtajie mchezaji kiwango kilichofikiwa kabla hajaamua kulitumia tena.