Usimamizi wa majengo au uthamini: usome kipi pale Ardhi?

Kwa aliyemaliza kidato cha sita na anapenda majengo lakini hataki uhandisi, Chuo Kikuu Ardhi, Dar es Salaam, kina kozi mbili zinazochanganya wengi: usimamizi wa miliki na majengo, na usimamizi wa ardhi na uthamini.

Mthamini kazi yake ni kutaja thamani. Benki inataka kukopesha kwa dhamana ya nyumba, au barabara inapitishwa na wenye mali walipwe fidia. Anakwenda na futi yake, anapima nyumba, anahesabu minazi na miembe, anaandika ripoti, anaondoka. Fani hii ina sheria yake ya mwaka 2016 na bodi ya kusajili wathamini, kwa hiyo muhuri wako una uzito.

Msimamizi wa majengo haondoki. Asubuhi lifti imegoma na watu wamo ndani, pampu haipandishi maji kwenye tangi la juu, mpangaji wa ghorofa ya tatu analalamikia kiyoyozi, na dizeli ya jenereta imebaki ya saa mbili tu. Darasani utakutana na mikataba ya pango, bajeti za matengenezo, kinga ya moto. Fani bado changa: kiwango chake cha kimataifa, ISO 41001, kilitoka 2018 tu, na huku kwetu wapo waajiri wanaodhani hiyo ni kazi ya fundi bomba na watu wa usafi. (Hubadili mawazo lifti ikikwama na bosi yumo.)

Mpenda safari na hesabu ningemwambia asome uthamini. Asiyeweza kupita penye bomba linalovuja bila kuuliza koki iko wapi, huyo ni wa majengo.