Prosesa ya kuweka kwenye Dell OptiPlex 7010: i5-3470 au i7-3770?

Karibuni tena, watazamaji wangu. Niko Chuno, hapa Mtwara mjini, na mbele yangu pana kompyuta ambayo wengi wenu mnayo nyumbani au ofisini: Dell OptiPlex 7010, ile ya boksi dogo la kulaza. Ni mashine ya mwaka 2012. Zimeingia nchini kwa wingi kama mtumba, zimekaa kwenye steshenari, kwenye shule, kwenye ofisi za vyama vya ushirika, na nyingi mpaka leo zinawaka kila asubuhi bila kulalamika. Ndiyo maana nazipenda na ndiyo maana nataka tuziongelee kwa makini, kwa sababu naona watu wanatupa hela zao kwenye prosesa, ile chipu inayofanya hesabu zote za kompyuta, isiyo sahihi.

Hii ni ya dada mmoja mwenye steshenari karibu na soko kuu. Msimu wa korosho ukifunguka mwezi wa kumi, pale kwake hapashikiki: watu wa AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima, wanataka orodha zichapwe, wanafunzi wanataka ripoti zao, na usiku mdogo wake anahariri video za harusi kwenye mashine hiihii. Kaja nayo kwenye bodaboda, kaipakata kama mtoto, akaniambia, "Kaka, imechoka. Niwekee i7."

Nikamwambia, dada yangu, tuangalie kwanza imechokea wapi.

Na wewe fanya hivyo kabla hujatoa hata shilingi. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, linafunguka dirisha linaloonyesha asilimia. Fungua kazi zako za kila siku, zilezile zinazokukera, halafu tazama. Kama disiki iko 100 na prosesa iko 20, hapo prosesa haina kosa. Inasubiri. Hard disk, ile disiki ya kuzunguka, ndiyo inayokuchelewesha, na dawa yake ni SSD, disiki isiyo na kitu kinachozunguka. Mashine hii ina SATA, yaani njia ya kuunganisha disiki, ya kasi ya gigabiti 6 kwa sekunde, kwa hiyo SSD ya kawaida kabisa inakaa vizuri, na utofauti wake kwenye kuwaka na kufungua programu ni mkubwa kuliko wa prosesa yoyote nitakayokuonyesha leo. Kwa mtu wa barua na Excel, video hii inaweza kuishia hapa. Nunua SSD, ongeza ramu ifike GB 8, uendelee na kazi zako.

Ya dada ilikuwa tofauti. SSD anayo tayari, ramu GB 8 anayo. Tulipofungua programu ya video, prosesa ikapanda 100 na kukaa hukohuko. Hapo ndipo neno prosesa linapoingia.

Ndani ilikuwa na i3-3220. Hiyo ni kori 2, nyuzi 4, kasi ya gigahezi 3.3. Kori ni kama mpishi jikoni. Wapishi wawili wanaweza kuwa hodari sana, lakini ukiletewa sinia la watu hamsini, wawili ni wawili. Nyuzi ni kumpa kila mpishi sufuria ya pili, ili moja ikisubiri kuchemka ahudumie nyingine. Inasaidia, ila haigeuki kuwa mpishi wa tatu.

Sasa, neno moja la dukani. Huku kwetu ukisema "nataka CPU", muuzaji anakuletea boksi zima, kwa sababu boksi ndilo tunaloliita CPU. Sema prosesa, na sema na namba yake yote. Yote, mpaka herufi ya mwisho, na nitakuambia kwa nini.

Niliagiza kwa simu kutoka Dar es Salaam, i5-3470. Ikapakiwa kwenye basi, ikafika salama, nikalipa. Nimefungua bahasha, oneni hapa, sogezeni macho: i5-3470T. Herufi moja tu, T. Na herufi hiyo inabadilisha kila kitu. i5-3470 yenyewe ina kori 4. Hii yenye T ina kori 2 na nyuzi 4, sawa na i3 niliyoitoa, na imepunguzwa umeme mpaka wati 35. Imeandikwa i5 juu yake, muuzaji hajasema uongo wa jina, lakini dada angefunga hii asingeona nafuu yoyote ya maana kwenye video zake. Iliniuma, kwa sababu nauli ya mzigo imekwenda na siku tatu zimekwenda.

Kwa hiyo, unapoagiza kutoka mbali, mwambie muuzaji apige picha ya mgongo wa prosesa yenyewe, ile sehemu ya chuma yenye maandishi, akutumie kabla hujatuma hela. Soma herufi ya mwisho. Bila herufi ndiyo ya kawaida. S ni ya umeme mdogo, wati 65. T ni ya umeme mdogo zaidi. K ni ile ya kuongezwa kasi kwa mkono, na madabodi (motherboard, bodi kuu ya ndani) ya Dell hii haikuruhusu, kwa hiyo usiilipie zaidi. Na kuna P, mfano i5-3350P: hiyo haina sehemu ya kutoa picha ndani yake kabisa. Ukiifunga bila kadi ya picha, skrini itabaki nyeusi na utadhani umeua mashine.

Namba nayo isome. Tarakimu ya kwanza kati ya zile nne ndiyo kizazi. 3470 ni kizazi cha tatu, 2400 ni cha pili, 4570 ni cha nne. OptiPlex 7010 inapokea cha pili na cha tatu, basi. Soketi yake, pale prosesa inapokaa, inaitwa LGA 1155, yaani pini 1155, na pini hizo ziko kwenye madabodi, siyo kwenye prosesa. Kizazi cha nne kinatumia 1150. Zinafanana kwa macho, lakini vikato vya pembeni havilingani na haiingii. Mtu anaona 4570 ni kubwa kuliko 3470, anainunua kwa furaha, anaishia kuwa na pambo la mezani. Na kama yako ni OptiPlex 790 ya mwaka 2011, soketi ni hiyohiyo 1155 lakini BIOS yake, programu ya ndani inayoamsha mashine, ni ya kizazi cha pili. Baki na i5-2400 au i7-2600.

Hujui yako ni ipi? Kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, bonyeza Enter. Inakuonyesha modeli, prosesa na toleo la BIOS.

Haya, sasa zile mbili. Nimezipata zote, sahihi, na nimezijaribu kwenye boksi hilihili.

i5-3470: kori 4, nyuzi 4, gigahezi 3.2 inayopanda mpaka 3.6, keshi (kumbukumbu ndogo ya haraka iliyo ndani ya prosesa) MB 6. i7-3770: kori 4 pia, lakini nyuzi 8, gigahezi 3.4 inayopanda mpaka 3.9, keshi MB 8. Zote mbili ni wati 77, na hili kwangu ni jambo kubwa kwa mji huu. i5-2400 na i7-2600 za kizazi cha pili ni wati 95. Mwezi wa kumi na mbili hapa Mtwara, chumba kimefungwa bati, feni moja ya dari inazungusha hewa ya moto, wati 18 za ziada ndani ya boksi dogo hivi utazisikia kwenye mlio wa feni. Kama mashine yako inapokea kizazi cha tatu, chukua cha tatu.

Kutoka i3 kwenda i5, kila kitu kimekuwa chepesi. Kivinjari chenye madirisha mengi, Word, na printa inachapa kwa wakati mmoja, hakuna kukwama. Kutoka i5 kwenda i7, kwenye kazi hizohizo, sikuona tofauti. Nasema kweli. Ningefumba macho nisingejua ipi ni ipi. Tofauti imejitokeza kwenye video tu. Video ya harusi ambayo kwenye i3 ilianza kupikwa, yaani kutolewa faili la mwisho, baada ya adhuhuri ikamaliza karibu na alasiri, kwenye i7 imemaliza kabla ya nusu ya muda huo. i5 ikawa katikati. Pia i7 ina picha za ndani bora kidogo, HD 4000 badala ya HD 2500, lakini usitegemee michezo mikubwa.

Kwa hiyo dada nimemfungia i7, kwa ajili ya harusi za mdogo wake. Wewe unayechapa, unayefundisha, unayetunza hesabu za duka, chukua i5-3470 na hela inayobaki weka kwenye UPS, ile betri inayoshikilia mashine umeme ukikatika.

UPS nimeitaja makusudi. Kabla ya kubadilisha prosesa ni vizuri kusasisha BIOS, na umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo madabodi inaweza kufa palepale. Usisasishe BIOS hapa kwetu bila UPS, hata kama umeme umetulia tangu asubuhi.

Kufunga kwenyewe siyo kazi kubwa. Chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwasha ili chaji iliyobaki iishe, gusa chuma cha boksi. Legeza skrubu nne za chuma cha kupoza, kipindishe taratibu kabla ya kukinyanyua. Yangu ilikuwa imejaa vumbi lililoshikana kama tope, kwa sababu hewa yetu ya bahari ina unyevu na chumvi. Tumia brashi laini ya rangi. Pesti ya zamani, ile ya kupitisha joto kutoka kwenye prosesa kwenda kwenye chuma cha kupoza, ifute kwa spiriti ya duka la dawa. Prosesa mpya ina pembetatu ya dhahabu pembeni, ioanishe na alama ya soketi, iachie ikae yenyewe. Usiikandamize kwa kidole, na pini zile usiziguse kabisa, ikipinda moja madabodi imekwenda. Pesti mpya kiasi cha punje ya choroko, katikati. Skrubu kaza kwa kukatisha kona, na usisahau waya wa feni.

Kuna jambo lazima niwaambie hata kama halipendezi. i7 hii haitakupeleka Windows 11. Microsoft wanataka Intel kizazi cha nane kuendelea, pamoja na TPM 2.0 ambayo ni chipu ya usalama, na Windows 10 imefikia mwisho wa matengenezo ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kama ofisi yako inalazimisha Windows 11, usinunue prosesa, weka akiba ya mashine ya mwaka 2018 kuja juu. Dada nimemuelezea, na tumekubaliana mashine ya video iende Linux Mint, mfumo mwingine badala ya Windows, baada ya msimu, maana programu anayotumia mdogo wake ipo na huko.

Ile T nayo sikuirudisha. Pale mtaani kuna duka la dawa lenye 7010 ya boksi dogo kabisa, ile ambayo haitakiwi kuzidi wati 65, na ndani ina Pentium G2020 yenye nyuzi 2 tu. Wati 35 zinaingia pale bila shida, na nyuzi zinakuwa 4. Kesho jioni wakifunga naenda kuifunga, na kamera nitakuja nayo.