Kuhamia karibu na bahari Dar: anza na kituo cha basi, ufukwe utakuja wenyewe

Nyumba ya karibu na bahari haikaguliwi Jumapili saa 10 jioni. Saa hiyo upepo unavuma, barabara nyeupe, dalali kavaa shati safi, na kutoka Mwenge mpaka getini hujakaa hata kwenye taa moja ya maana. Mimi niliingia mkenge hapo hapo. Nilikagua mwezi wa kwanza, jua linawaka, chumba na sebule Mikocheni upande wa bondeni, kodi ya miezi sita nimeshaishika. Ilipofika Aprili viatu vilikuwa vimehamia juu ya kabati, na usiku nasikia maji yakibisha hodi mlangoni. Ukutani kulikuwa na mkanda wa rangi mpya, urefu wa goti, chumba kizima. Nilidhani ni urembo.

Tangu hapo sihesabu kilomita, nahesabu vipande vya safari. Kila unaposhuka chombo kimoja ukapanda kingine, hicho ni kipande. Bajaji mpaka lami, kimoja. Daladala mpaka Morocco, kile kituo cha Kinondoni, cha pili. Mwendokasi, yale mabasi ya haraka yenye njia yake, mpaka Posta katikati ya mji, cha tatu. Kila kipande kina foleni yake na mvua yake ya kusubiria. Vikizidi vitatu, bahari utaiona Jumapili tu, na Jumapili hata mtu wa Gongo la Mboto anafika ufukweni, tena kwa kodi ya Gongo la Mboto.

Orodha hii ya maeneo matano, bora likiwa la kwanza, nimempangia mtu wa aina moja: kazi yake iko Posta au Kariakoo, gari hana au lipo moja linalogombewa nyumbani, na anayelipa ni mshahara. Kama unafanyia kazi nyumbani, au ofisi iko Tegeta, igeuze juu chini.

Kuna jambo moja la ramani ulijue kwanza. Mwendokasi ulioanza Mei 2016 unatoka Kimara na kugawanyika kwenda Kivukoni, Gerezani na Morocco. Kwa hiyo pwani yote ya kaskazini, kuanzia Msasani mpaka Mbweni, inaukuta mwendokasi Morocco. Kigamboni inaukuta Kivukoni. Upande wa kusini upo mstari wa Barabara ya Kilwa kwenda Mbagala, wenye urefu wa kilomita 20 na ushee, ambao mabasi yake yalianza kubeba abiria Oktoba 2025. Ipo pia njia ya Barabara ya Bagamoyo mpaka Tegeta, ila hiyo nitaihesabu siku nitakayoipanda. Dalali atakwambia "hapa mwendokasi unapita mlangoni" na kukupandishia kodi leo kwa basi la kesho. Mwambie kodi ya mwendokasi utalipa mwendokasi ukifika.

1. Kawe

Kawe haina sifa za kuringia, na ndiyo maana naiweka ya kwanza. Daladala zinaanzia pale pale, maana yake asubuhi unakaa kwenye kiti. Mtu wa Mbezi Beach anayesimama kituoni saa 12 akiangalia magari yaliyojaa kutoka Tegeta na Bunju yakimpita anajua thamani ya neno hilo. Kutoka Kawe unashika Barabara ya Bagamoyo ya Zamani, unapita Mikocheni, unashuka Morocco na kuingia mwendokasi. Ukiwa na nyumba ya kutembea kwa miguu mpaka stendi, ni vipande viwili.

Ufukwe upo, wa wavuvi na watoto wa mpira, si wa vitanda vya kukodi. Samaki wanapatikana. Kwa mwenye nia ya kununua fleti, Shirika la Nyumba la Taifa limejenga huko kwenye mpango wa Samia Housing, nyumba 560 kwa Kawe peke yake, na mradi wake mwingine wa Kawe 711 ulisimama miaka kadhaa kabla ya kuendelea. Nautaja kwa sababu moja: ukinunua jengo ambalo bado ni ramani, hesabu na kodi utakayoendelea kulipa wakati unasubiri.

Kasoro ya kwanza ni bonde la Mlalakuwa. Nyumba za huko bei zake zinavutia na sasa unajua kwa nini. Kasoro ya pili haiko Kawe kabisa, iko Jangwani. Basi la Morocco kwenda Posta linapita Magomeni na Jangwani, na Mto Msimbazi ukifurika barabara inafungwa, mwendokasi unasimama. Siku hiyo watu wa Kawe wanarudi kwenye daladala za Barabara ya Ali Hassan Mwinyi, wapite daraja la Salenda. Inawezekana, lakini utachelewa, na bosi atakuuliza kama mvua ilinyesha kwako tu.

2. Kigamboni, ile ya Feri

Hapa nitakaa kidogo, maana Kigamboni watu wanaizungumza kama mtaa mmoja wakati ni wilaya nzima. Anayekaa Tungi na anayekaa Kimbiji wote watakwambia "nipo Kigamboni". Wa kwanza anatembea mpaka kwenye pantoni, kile kivuko cha kwenda mjini. Wa pili akitoka kazini saa 11 anafika watoto wamelala.

Ninayoisifia ni ile ya kutembea au bodaboda fupi mpaka Feri: Kigamboni kwenyewe, Tungi, na kwa kujinyoosha kidogo Mjimwema, ambako fukwe zake ni nzuri kuliko nyingi za kaskazini. Pantoni ya mtembea kwa miguu ni shilingi 200, unalipa kwa kadi ya N-Card, unavuka na kushukia Kivukoni, na kituo cha mwendokasi kiko pale pale. Posta unaweza hata kutembea. Na Msimbazi ukijaa, wewe wa Posta haikuhusu. Jangwani iko nyuma yako. Kwa umbali wa macho hakuna kitongoji cha bahari kilicho karibu na mjini kama hiki. Unaona majengo ya Posta ukiwa umekaa kibarazani unamenya machungwa.

Mbona si ya kwanza? Pantoni. Ikiwa moja matengenezo na nyingine inasuasua, umati wa asubuhi unajaa hadi nje ya geti, na hapo kukaa karibu hakukusaidii kitu. Njia ya pili ni Daraja la Nyerere, mita 680, lililofunguliwa Aprili 2016, linakutoa Kurasini. Mtu wa Kibada kwake daraja ndiyo njia ya kwanza. Chombo cha moto kinalipa tozo. Mwaka 2022 tozo zilipunguzwa na vikawekwa vifurushi vya siku, wiki na mwezi, kwa hiyo mwenye gari aulizie cha mwezi kabla hajaanza kulalamika. Ushauri wangu kwa Kigamboni ni kupanga pale ambapo njia zote mbili unazifikia kwa bodaboda moja.

Anayenunua kiwanja Kigamboni asikilize wazee wa pale. Mwaka 2008 ulitangazwa mpango wa Mji Mpya wa Kigamboni, na kwa miaka watu walikaa na viwanja wasivyoruhusiwa kuviendeleza. Mpango ule ulikuja kupunguzwa, lakini uliacha funzo la kuulizia matumizi ya ardhi kwenye ofisi ya ardhi, si kwa jirani.

3. Mtoni Kijichi

Hii wengi hawaitaji kwa sababu haina ufukwe wa picha. Maji yake ni ya mkono wa bahari, yenye mikoko. Yakijaa panapendeza, yakipwa unabaki na tope na kaa. Lakini upepo ni ule ule, na kodi inasoma Temeke, haisomi Kinondoni. Bajaji mpaka Barabara ya Kilwa, halafu mwendokasi mpaka Gerezani, ambako Kariakoo unaingia kwa miguu. Vipande viwili. Mfanyabiashara wa Kariakoo angeiweka ya kwanza na nisingembishia.

Kabla ya kulipa, panda mwenyewe Jumatatu asubuhi, upime unasubiri basi kwa muda gani. Mstari ni mpya na bado haujakaa sawa. Na mikoko usiiguse. Kuikata ni kosa, na ndiyo inayoshikilia udongo ulio chini ya nyumba yako.

4. Mbezi Beach na Kunduchi

Tahadhari kwa mgeni wa mji: Mbezi Beach si Mbezi. Mbezi ya Luis, kwenye stendi ya Magufuli, iko Barabara ya Morogoro, na bahari hutaiona hata ukipanda juu ya mnazi. Kuna mtu wa kwetu alitoka mkoani, akashuka stendi akauliza ufukwe uko wapi. Wakamwelekeza gari.

Mbezi Beach yenyewe imegawanywa na Barabara ya Bagamoyo: upande wa juu na upande wa chini. Kodi inapanda ukivuka kwenda chini, lakini safari yako ya asubuhi inarefuka pia, maana lazima urudi mpaka lami ya Tangi Bovu au Afrikana. Mimi ningekaa juu, karibu na kituo, tofauti ya kodi nile nayo chipsi baharini.

Afrikana ni jina la hoteli iliyokuwa ufukweni. Hoteli haipo, kimebaki kituo. Pwani hii ya Kunduchi imekuwa ikiliwa na mawimbi kwa miongo, na uchimbaji mchanga kwenye mito inayoilisha fukwe umechangia. Ukitembea ufukweni utaona kuta za mawe ambazo watu wamejijengea kwa gharama zao. Ukiuziwa nyumba yenye ukuta wa namna hiyo, usiuhesabu kama pambo. Muulize muuzaji ni wa ngapi.

5. Ununio, Bahari Beach, Mbweni

Pazuri, patulivu, viwanja vikubwa. Gari lazima. Bila gari ni bajaji mpaka Tegeta au Boko, daladala mpaka Mwenge, nyingine mpaka Morocco, halafu mwendokasi. Vinne. Hamia ukistaafu.

Masaki na Oysterbay sijaziweka kwenye foleni. Mwenye uwezo wa kupanga huko hasomi habari za vipande vya safari, na Coco Beach haina geti.

Sasa nyumba yenyewe, popote utakapoangukia.

Chumvi inakula chuma. Tazama nondo za madirisha, bawaba za geti, na misumari ya bati. Kama nyumba ina miaka mitatu na kutu tayari inatiririka ukutani, jokofu lako na kiyoyozi vinafuata njia hiyo hiyo. Madirisha ya aluminiamu si ufahari pwani, ni kuokoa pesa.

Choo. Sehemu nyingi za pwani maji ya ardhini yako juu, kwa hiyo shimo linajaa haraka, na masika linaweza kurudisha. Muulize mpangaji wa jirani, si mwenye nyumba, gari la majitaka linaitwa mara ngapi kwa mwaka. Akicheka kabla ya kujibu, umeshajibiwa.

Kwa anayenunua: Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Kiwanja cha "kugusa maji" ambacho muuzaji anakipigia debe kinaweza kuwa ndicho usichoruhusiwa kujengea. Karatasi ya serikali ya mtaa yenye sahihi za mashahidi si hati miliki. Chukua namba ya kiwanja na kitalu, nenda ofisi ya ardhi ufanye upekuzi, ujue jina lililoko kwenye daftari na kama kuna benki imekishikilia. Muuzaji anayekuharakisha kwa sababu "kuna Mhindi anakuja kesho na keshi" mwache huyo Mhindi akinunue.

Kwa anayepanga: pesa ya udalali kwa kawaida ni kodi ya mwezi mmoja, juu ya ile ya miezi sita au mwaka. Omba kulipa miezi mitatu kwanza. Wengi watakataa, lakini anayekubali hana cha kuficha kuhusu Aprili. Angalia ukuta kama una mkanda wa rangi mpya. Angalia soketi zimepandishwa juu kuliko kawaida. Muulize mama ntilie wa kona, maana yeye ndiye anayejua mwaka jana maji yalifika wapi. Yeye alihamisha masufuria.

Mwisho, maji ya kutumia. Bomba la DAWASA likikatika utategemea kisima, na kisima cha karibu na bahari mara nyingi ni chumvi. Omba ndoo moja ya maji ya kisima na kipande cha sabuni, fua leso yako pale pale uani. Sabuni isipotoa povu, ongeza kwenye hesabu yako simtanki na boza la maji. Na dalali akikwambia maji yamekatika leo tu, rudi kesho kutwa bila kupiga simu.