Bart Starr na Doug Pederson: nani kocha zaidi?

Uwanjani hawalingani kabisa. Starr, kwotabeki (mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira) wa Green Bay Packers, alitwaa ubingwa wa futiboli ya Kimarekani mara 5 kati ya 1961 na 1967. Pederson alikaa benchi miaka mingi nyuma ya kwotabeki Brett Favre, hapohapo Green Bay.

Kwa ukocha namchagua Pederson, ingawa Starr nampenda mno. Misimu 9 ya Starr, 1975 hadi 1983, iliifikisha Packers hatua ya mtoano mara 1 tu. Pederson aliipa Philadelphia Eagles Super Bowl, fainali ya ubingwa, Februari 2018, 41-33 dhidi ya New England Patriots, akimtegemea Nick Foles, kwotabeki wa akiba kama alivyokuwa yeye. Katika mechi hiyo, kwenye jaribio la 4, yaani la mwisho kabla ya kupoteza mpira, wengine wangepiga teke wachukue pointi 3. Yeye aliruhusu Foles arushiwe mpira, akafunga.