Mashine ya kusoma kodi za ABS kwenye Prado 120: uzoefu wangu

Una Toyota Prado 120, taa nyekundu ya breki na ya njano ya ABS (mfumo unaozuia matairi yasijifunge unapofunga breki) zimewaka pamoja, na mlio kwenye dashibodi haukomi. Usianze kwa kununua kile kidude cha ELM327 cha Bluetooth, kinachosoma kodi, yaani namba za hitilafu, kupitia simu. Nimekitumia, na nimetumia pia mashine ya mkononi inayoingia kwenye mfumo wa ABS; zote mbili zinapatikana Kariakoo, Dar es Salaam. Kile kidogo, kwa programu za kawaida za simu, kinasoma kodi za injini tu, zinazoanza na P. Kodi za breki zinaanza na C, na hakizioni kabisa.

Mashine ya mkononi naipa nyota 4 kati ya 5. Inasoma kodi, inazifuta, na inaweza kuamuru rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) ya mota ya pampu ya breki iwashe bila kukanyaga pedeli. Kwangu hilo la mwisho ndilo linalofidia bei yake. Breki za Prado yenye busta ya umeme (kifaa kinachoongeza nguvu ya mguu kwenye breki) hazitegemei upepo unaovutwa na injini kama za Toyota IST. Mota ya umeme inasukuma mafuta ya breki kwenye akyumuleta, presha inatunzwa humo, na ndiyo inayosaidia mguu wako. Mota ikikosa umeme, presha iliyobaki inaisha baada ya kukanyaga mara chache, na mguu wako unabaki bila msaada. Gari likifika hapo, lisiendeshwe hata hadi gereji ya jirani. Libebwe.

Nyota moja nimeipunguza kwa sababu mashine inakuonyesha dalili, haikuonyeshi chanzo. C1252 maana yake mota imezunguka muda mrefu kupita kawaida. C1253 ni hitilafu ya rilei ya mota. C1256 ni presha ndogo kwenye akyumuleta. Mafundi wengi wakiona C1256 wanakwambia moja kwa moja ununue busta nzima. Wakati mwingine wako sahihi. Lakini waya ulioliwa na kutu ya kijani unaifanya mota izunguke kivivu, presha inachelewa kupanda, na kodi zinazotoka ni hizohizo. Kwa hewa yetu ya chumvi ya Kigamboni na Msasani, na maji ya Jangwani msimu wa mvua, mimi naanza na waya kabla ya kwenda mtaa wa Gerezani kutafuta busta ya mtumba.

Pima betri kwanza. Gari likiwa limezimwa na kupumzika, betri nzima inasoma karibu volti 12.6, injini ikiunguruma, kati ya 13.8 na 14.4. Ikiwa chini ya hapo, rekebisha chaji kabla ya jambo lingine lolote. Kisha zima swichi, kanyaga pedeli angalau mara 40 hadi iwe laini ili kutoa presha, halafu washa swichi bila kuwasha injini. Mota inapaswa kuunguruma kwa sekunde 30 hadi 40, kisha inyamaze. Ikikaa kimya kabisa, nenda kwenye fyuzi na rilei. Ikizunguka bila kuacha, au kwa sauti nzito ya uchovu, pima upotevu wa volti.

Kipimo hiki mafundi wengi wanakiruka. Weka multimita (kipima umeme) kwenye volti za DC. Waya mwekundu wa mita uguse nguzo chanya ya betri, mweusi uguse waya chanya unaoingia kwenye mota, mota ikiwa inazunguka. Usomaji ukizidi volti 0.5, umeme unapotelea njiani: kwenye fyuzi, kwenye meno ya rilei au kwenye plagi. Rudia upande wa ethi (njia ya umeme kurudi betri kupitia bodi ya gari), kutoka bodi ya mota hadi nguzo hasi. Hapo isizidi 0.2. Usitegemee kipimo cha omu. Waya uliobaki na nyuzi mbili tatu unasoma vizuri kabisa ukiwa hauna mzigo. Ukinzani wa omu 0.1 tu, mota ikivuta ampea 20, unakula volti 2.

Sehemu ya ethi ikwanguliwe hadi chuma king'ae, ikazwe, ipakwe grisi. Plagi yenye kutu ya kijani isifutwe tu juujuu, badilisha terminali. Volti zikifika kamili kwenye mota na bado haizunguki, au inazunguka vizuri na presha haipandi, hapo ndipo busta inastahili lawama. Na usifungue paipu yoyote ya breki kabla ya kutoa presha kwa zile mara 40. Presha ya humo inaumiza vibaya.

Kwa asiye na mashine: zima swichi, unganisha tundu namba 4 na namba 13 za soketi ya kuchomekea mashine iliyo chini ya dashibodi kwa kipande cha waya, kisha washa swichi. Hesabu jinsi taa ya ABS inavyomweka. Mara 5, kimya kifupi, kisha mara 2, ni 52, yaani C1252. Ikimwekameka haraka bila kupumzika, hakuna kodi. Kuwa makini usiguse namba 16. Ina umeme wa betri muda wote, na ukiiunganisha na 4 umepiga shoti.