Seti ya Taroti ya Kununua: Zipime kwa Karata Tatu

Ukitafuta taroti ya kununua, yaani zile karata za picha ambazo wengine huzipigia ramli, utaonyeshwa karata zilezile kila mahali: Mpumbavu, Kifo, Jua, Wapenzi, Nyota. Ndizo wachoraji wanazozichora kwa mapenzi, na ndizo zinazowekwa kwenye tangazo. Lakini seti kamili ina karata 78. Kubwa zenye majina ni 22. Za wafalme, malkia, wapanda farasi na vijana wao ni 16. Zinazobaki 40 ni za namba, moja hadi kumi kwa kila aina. Hizo 40 ndizo nusu ya mzigo unaolipia, na ndizo mchoraji aliyechoka anazozilipua.

Aina zenyewe ni nne, na aliyewahi kucheza karata anazijua tayari bila kujua kwamba anazijua. Kopa, uru, shupaza na pau ni maneno tuliyoyapata kwa Wareno: copas ni vikombe, ouros ni dhahabu, espadas ni panga, paus ni magongo. Vikombe, sarafu, panga, fimbo: hiyo ndiyo taroti. Hata turufu yetu, iliyotoka kwenye trunfo ya Kireno, ina ukoo mmoja na trionfi, jina walilotumia Waitaliano wa karne ya 15 kuziita karata hizi zilipokuwa mchezo tu. Habari za kupiga ramli kwa taroti zilipata nguvu Ufaransa mwishoni mwa karne ya 18, miaka zaidi ya 300 baadaye. Kwa hiyo ukinunua seti kwa ajili ya picha peke yake, huna haja ya kumwomba mtu radhi.

Mimi kila seti naipima kwa karata tatu za namba: Panga Tatu, Vikombe Vinane na Sarafu Tano. Nazitafuta picha zake kabla sijatoa hata senti. Mchoraji aliyezifikiria hizo tatu kwa kawaida amezifikiria zote. Orodha iliyo hapa chini imepangwa kwa kipimo hicho, pamoja na jinsi karata zinavyokaa mkononi.

1. Rider-Waite-Smith, toleo la miaka mia

Hakuna kuzunguka: seti ya kwanza iwe hii. Ilitolewa London mwishoni mwa mwaka 1909 na kampuni ya William Rider & Son. Arthur Edward Waite, mwandishi wa mambo ya siri za kiroho, ndiye aliyeiagiza, na mchoraji alikuwa Pamela Colman Smith, mwanamke aliyezaliwa London mwaka 1878, akaishi Jamaica sehemu ya utoto wake, akasomea sanaa New York, kisha akafanya kazi na watu wa tamthilia. Tamthilia hiyo unaiona kwenye karata. Baadhi zina mstari ulionyooka nyuma ya miguu ya watu, kana kwamba wamesimama jukwaani na nyuma yao kuna pazia lililochorwa.

Sasa tuzipime zile tatu. Panga Tatu: moyo mwekundu uliochomwa panga tatu, mvua inanyesha nyuma yake, hakuna mtu. Vikombe Vinane: mtu mwenye joho jekundu na mkongojo anaondoka usiku na kutupa mgongo, vikombe vyake vimepangwa vizuri mbele yetu, na juu mwezi unamtazama akienda. Sarafu Tano: maskini wawili, mmoja ana magongo ya kutembelea, wanapita kwenye theluji chini ya dirisha la kanisa linalowaka taa. Hujui kama hawakuliona dirisha au walikataliwa mlangoni. Picha ya ukubwa wa kiganja inakuachia swali la namna hiyo, na humo zimo 40.

Kazi yote ilimchukua miezi michache. Mwenyewe alimwandikia rafiki yake kwamba amemaliza kazi kubwa kwa pesa kidogo sana. Alifariki mwaka 1951 akiwa na madeni, na kwa miongo mingi seti iliuzwa kwa jina la mchapishaji na la mwagizaji, lake halimo. Tazama pembe za chini za karata utaona alama yake, herufi zilizosokotana kama nyoka.

Kuna matoleo mengi na hapa ndipo wanunuzi wanapopotea. Toleo la kawaida la U.S. Games Systems, lenye kasha la njano, limekuwa sokoni tangu miaka ya 1970. Rangi zake ni kali, njano yake inaumiza macho. Toleo la miaka mia, lililotoka mwaka 2009, limerudia rangi zilizofifia za chapa za zamani, na michoro inapumua. Universal Waite imepakwa rangi upya kwa mkono mwororo zaidi. Inapendeza, ila nyuso zimekuwa laini mno kwangu. Chukua la miaka mia. Kama hulipati, la kawaida halitakuharibia kitu.

2. Thoth

Aleister Crowley, Mwingereza wa mambo ya uchawi, alibuni, Lady Frieda Harris akachora, kuanzia mwaka 1938 hadi 1943. Hakuna kati yao aliyeiona ikiuzwa kama seti ya karata za rangi: Crowley alifariki 1947, Harris 1962, na karata zikatoka 1969. Michoro ya asili imehifadhiwa Warburg Institute, London.

Hapa karata za namba hazina watu, na bado zinafaulu. Panga Tatu ni ua waridi linalopukutishwa na ncha za panga, na chini limeandikwa neno Huzuni. Vikombe Vinane ni maji mazito yaliyotuama na vikombe vilivyomeguka. Sarafu Tano, yenye jina la Wasiwasi, ni magurudumu yaliyobanana. Rangi peke yake ndiyo inayosimulia. Nimewahi kuitandika Panga Kumi ya Thoth kando ya ile ya Smith, na ya Thoth, isiyo na maiti, ndiyo iliyonitisha.

Mambo mawili ya kujua kabla. Toleo kubwa ni pana, mwenye mikono midogo hataweza kulichanga. Tafuta lile dogo. Na baadhi ya chapa zina karata 80 kwa sababu zimewekewa picha tatu tofauti za Mfanya Mazingaombwe. Hujazidishiwa kwa makosa.

Haifai kuwa seti ya kwanza. Majina ya karata kubwa kadhaa yamebadilishwa, na vitabu vingi vya kujifunzia vimeandikwa kwa picha za Smith.

3. Sola Busca

Hii ni ya mtu ambaye tayari ana namba moja, na ndiye atakayeifurahia kweli. Sola Busca ilichongwa kwenye mabamba ya shaba Italia mwishoni mwa karne ya 15, na ndiyo taroti ya zamani zaidi tunayoijua iliyobaki na karata zote 78. Karata zake za namba zina michoro ya watu, jambo ambalo kwa miaka mia nne baada yake karibu halikurudiwa. Seti ya asili ilinunuliwa na serikali ya Italia mwaka 2009 na iko Pinacoteca di Brera, Milan. Unachonunua wewe ni nakala.

Mwaka 1907 picha zake zilifika British Museum. Miaka miwili baadaye Smith akatoa karata zake. Sasa itoe Panga Tatu ya Sola Busca, uiweke kando ya ile ya mwaka 1909: moyo uleule, panga tatu zilezile. Kisha chukua Panga Kumi ya Sola Busca, mtu aliyeinama kwa mzigo wa panga, uilinganishe na Fimbo Kumi ya Smith. Mzigo umebadilika, mgongo ni uleule. Sijui raha nyingine ya ukusanyaji inayoishinda hii ya kukamata mkono wa mchoraji ndani ya daftari la mwenzake.

Karata kubwa, kwa upande wake, zitakuchanganya. Badala ya Mapapa na Nyota za kawaida kuna mashujaa wa Kirumi na wa Biblia. Kama unataka seti ya kutumia kila siku, pita.

4. Wajukuu wa Smith

Zinazotoka siku hizi nyingi ni za ukoo huu, na nitazipitia haraka. Morgan-Greer ya mwaka 1979 ni kama mtu aliyesogeza kamera: watu wako karibu, rangi zimekolea, na hakuna pambizo nyeupe. Modern Witch ya Lisa Sterle, ya 2019, inafuata mandhari za Smith karata kwa karata, ila wahusika ni wanawake wa rangi zote wenye nguo za sasa. Mtu anayeona picha za zamani ni za Kizungu mno na za mbali mno aanzie hapo hata kabla ya namba moja. Atajifunza mpangilio uleule.

Wild Unknown ya Kim Krans, aliyoitoa mwenyewe mwaka 2012 kabla haijachukuliwa na mchapishaji mkubwa, imejitenga kidogo. Ni mistari myeusi ya kalamu na wanyama, rangi zimedondoshwa kwa uchache. Panga Saba yake ni mbweha aliyejilaza juu ya upanga, jicho moja limefumbuka. Karata hiyo moja inatosha kuninunulisha. Nyingine za namba lakini zimekuwa matawi na mistari tu, na kwenye kipimo changu inashuka.

5. Marseille

Huu ni mtindo wa zamani wa Kifaransa, na hapa kipimo kinagoma kabisa. Panga Tatu ni panga mbili zilizopinda na moja katikati. Sarafu Tano ni nne pembeni na moja kati. Vikombe Vinane ni vikombe vinane na maua. Karata za namba hazijachorwa picha, zimehesabiwa.

Naiweka kwenye orodha kwa ajili ya zile kubwa 22. Zimechongwa kwenye mbao kwa mistari minene isiyobembeleza mtu, na karata ya 13, ile ya mifupa yenye fyekeo, kwa kawaida haina jina. Tafuta nakala ya Nicolas Conver, ambayo hutajwa kwa mwaka 1760, au ya Jean Noblet ya katikati ya karne ya 17. Ukiona Haki ni namba 8 na Nguvu ni 11 usidhani wamekosea chapa. Ni seti ya 1909 iliyozibadilishana nafasi.

6. Visconti-Sforza

Dhahabu tupu. Zilitengenezwa Milan karibu na mwaka 1450 kwa ajili ya watawala wa huko, na leo zimegawanyika: 35 ziko Morgan Library, New York, 26 ziko Accademia Carrara, Bergamo, na 13 zimebaki mikononi mwa familia ya Colleoni. Jumla ni 74. Zilizopotea ni Ibilisi, Mnara, Mpanda Farasi wa Sarafu na, kwa bahati mbaya yangu, Panga Tatu. Hizo nne kwenye nakala yoyote utakayonunua zimebuniwa na mchoraji wa siku hizi. Kabla ya kulipa tazama amezifanyaje, maana kuna nakala ambazo Ibilisi wake anaonekana ametoka kwenye katuni.

7. Dalí

Mchoraji wa Kihispania Salvador Dalí alijichora mwenyewe kama Mfanya Mazingaombwe. Seti ilitoka 1984 na ikarudishwa sokoni 2019 na Taschen. Ni nzuri kuiweka mezani wageni waitazame. Ni kubwa, ni nzito, na baada ya jioni mbili nimeirudisha kwenye kasha lake.

Mkononi

Uzito wa karatasi huandikwa kwa gramu kwa mita ya mraba. Gramu 300 zinatosha. 350 ni ngumu kidogo mwanzoni na hulainika. Zaidi ya hapo seti inakuwa tofali. Karata ya kawaida ni kama sentimita 7 kwa 12, kubwa kuliko za kuchezea, kwa hiyo huenda ukalazimika kuzichanga kwa ubavu mrefu. Plastiki ya kung'aa huteleza vizuri lakini chini ya taa picha haionekani. Isiyong'aa ndiyo nzuri kwa anayetaka kutazama. Kingo za dhahabu hugandana mwanzoni na hubanduka baadaye. Motherpeace ya mwaka 1981 ni ya duara, na kuichanga ni kama kuosha sahani.

Tazama pia mgongo wa karata. Kama picha yake ina juu na chini, utajua karata iliyopinduka kabla hujaifunua.

Feki

Niliwahi kununua seti ya mchoraji ninayempenda kutoka kwa muuzaji wa mtandaoni, nikaletewa kitu chepesi, kidogo kuliko ilivyotangazwa, kasha jembamba, kijitabu hakuna, badala yake karatasi yenye msimbo wa kuskani kwa simu. Picha zilikuwa na ukungu na jina la mchoraji halikuandikwa popote. Tangu hapo naangalia mambo manne: jina la mchapishaji, namba ya ISBN, vipimo vilivyoandikwa, na kama kijitabu kimetajwa. Vipimo visipotajwa naachana nayo.

Hakikisha pia unachonunua ni taroti. Karata za Lenormand ni 36. Zile zinazoitwa orakoli hazina idadi maalumu. Na kuna taroti ya kuchezea, ambayo Wafaransa wanaicheza mpaka leo: nayo ina karata 78, lakini aina zake ni kopa, uru, shupaza na pau zilivyo kwenye karata za kawaida, si vikombe, sarafu, panga na fimbo, na picha zake hazihusiani na lolote kati ya niliyoyataja.

Ukinunua iliyotumika, mwombe muuzaji azitandaze zote na kuzipiga picha, zikiwa zimepangwa kwa aina. Mwambie ahesabu mbele ya kamera. Karata inayokosekana mara nyingi ni moja tu, na ukiikosa moja utakuwa umenunua 77 ambazo hakuna atakayekuuzia ya 78.